Mutua wa Nani? Historia ya majina, mipaka na lugha inayoitwa Prolog

Makueni ni kaunti. Mwingi si kaunti. Ukiuliza wazee wa Mwingi kwa nini, utapewa majibu mengi ya siasa, na mengine ni matamu kweli, lakini jibu fupi ni tarehe. Wilaya ya Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992. Wilaya ya Mwingi ilikatwa kutoka Kitui mwaka 1993. Wakati wa kuandika Katiba ya 2010, waliochora kaunti 47 walirudi kwenye wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992. Makueni ilikuwa kwenye orodha, ikapewa namba 017. Mwingi ilikuwa imechelewa mwaka mmoja, ikarudi ndani ya Kitui, namba 015. Mwaka mmoja tu, wasee. Huo mwaka ndio tofauti kati ya kuwa na gavana wako na kupanda matatu kwenda kutafuta wa Kitui.

Nimekuwa nikiwaza hii stori kwa sababu ya lugha ya kompyuta ambayo pengine hujawahi kuisikia. Inaitwa Prolog. Iko na zaidi ya miaka 50, na sehemu kubwa ya hiyo miaka watu wake wamebishana juu ya swali moja: nani anaruhusiwa kuita jina gani, na akiwa amesimama wapi? Wataalamu wanaita huo ubishi mifumo ya moduli. Ukisikia hilo neno unataka kulala, najua. Lakini ngoja kidogo, kwa sababu sisi Wakamba tulikuwa na hilo tatizo kabla ya kompyuta yoyote kuwashwa.

Kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Sasa babu Mutua akiwa na wana watano, na kila mmoja apate kijana, fanya hesabu. Boma moja, Mutua watano, wote wanakuja kwa susu Desemba. Susu akiita "Mutua!" kutoka jikoni, ama wanakuja watano ama haji hata mmoja, kwa sababu kila mtu anadhani anaitwa mwingine. Dawa ilipatikana zamani: Mutua wa Kyalo. Mutua wa Musyoka. Hiyo "wa" ni herufi mbili tu lakini imebeba ukoo mzima. Weka hiyo "wa" kando, tutaihitaji.

Prolog ilizaliwa mwaka 1972 kule Marseille, Ufaransa. Alain Colmerauer na Philippe Roussel walitaka kuongea na kompyuta kwa Kifaransa cha kawaida. Wakati huo huo Robert Kowalski, Mmarekani aliyekuwa Edinburgh, alikuwa akionyesha kwamba sentensi ya mantiki inaweza kusomwa kama kazi ya kufanya: ukitaka kuthibitisha hiki, thibitisha kwanza vile. Wakakutana, mawazo yakashikana. Tofauti na lugha nyingine ni hii: Prolog huiambii ifanye nini hatua kwa hatua. Unaipa mambo ya kweli, unaipa sheria, halafu unauliza. Angalia:

mjukuu(X, Y) :- mtoto(X, Z), mtoto(Z, Y).

Isome hivi: X ni mjukuu wa Y ikiwa X ni mtoto wa Z, na Z ni mtoto wa Y. Hiyo alama ya katikati ni "ikiwa". Basi, nimemaliza kukufundisha Prolog. Kuna watu wamelipa karo ya muhula mzima kufika hapo.

Shida ni kwamba mwanzoni majina yote yaliishi uwanja mmoja, kama susu na wale Mutua. Wewe umeandika faili la familia, na ndani yake mtoto(mwende, kyalo) inamaanisha Mwende ni mtoto wa Kyalo. Rafiki yako ameandika faili la kliniki, na kwake mtoto(mwende, 4) inamaanisha Mwende ni mtoto wa miaka 4. Kila faili liko sawa likiwa peke yake. Yapakie pamoja, na kulingana na ulivyoyapakia, la pili linafuta la kwanza au yanachanganyika kabisa. Ukiuliza Mwende ni mtoto wa nani, unaambiwa: Kyalo. Halafu mashine inaendelea bila aibu: pia, 4. Hakuna aliyekosea. Ni majina tu yamegongana.

Programu zikiwa fupi unaweza kuvumilia. Lakini mwaka 1982 Japani ilianza mradi mkubwa wa serikali wa kompyuta za kizazi cha tano, na ikachagua programu za mantiki ziwe msingi wake. Ghafla hii haikuwa tena lugha ya maprofesa wachache. Watu wengi, mafaili mengi, Mutua wengi.

Hapa acha nipite Makueni kidogo, kwa sababu mfano maarufu kuliko yote wa programu za mantiki unatuhusu, ingawa hauelezwi hivyo.

Ukisafiri barabara ya Mombasa unalijua hekalu la Masingasinga pale Makindu. Watu wengi wa rika langu wanalijua kwa chakula cha bure, na sioni ubaya. Lilijengwa mwaka 1926, kando ya reli ambayo Masingasinga walifanya kazi kuijenga na kuiendesha. Baada ya uhuru wa 1963, Wakenya wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili kuchagua uraia. Wengi walibaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ikaleta sheria mpya za leseni za biashara na vibali vya kazi, na maelfu wakaanza kufunga virago kwenda London. Uingereza ikashtuka. Mapema mwaka 1968 Bunge lao likapitisha sheria kwa siku chache tu: pasipoti ya Uingereza pekee haitoshi kuingia. Lazima wewe, au mzazi wako, au babu au bibi yako awe alizaliwa Uingereza au alipata uraia wake kule kule.

Rudi juu uangalie mstari wangu wa Prolog. Ni sheria ya mjukuu. Mtu anasimama uwanja wa ndege na pasipoti halali mkononi, na swali analoulizwa ni: Z wako ni nani, na Y wako alizaliwa wapi?

Mwaka 1981 Uingereza ikaandika upya sheria yote ya uraia, ikaanza kazi 1983, na ikawagawa watu kwa mafungu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki waliokuwa bado na pasipoti zao wakajikuta kwenye fungu la raia wa ng'ambo: raia wa Uingereza asiye na haki ya kuishi Uingereza. Na ni sheria hiyo hiyo ambayo Kowalski, sasa akiwa Imperial College London, pamoja na Marek Sergot na wenzao waliichukua wakaiandika kama programu ya mantiki. Makala yao ilitoka 1986. Kanuni kama 150 hivi. Unaipa habari za mtu, inakuambia kama ni raia, na inakuonyesha kwa nini.

Mimi naona hiyo kazi ni safi sana na inaogofya kwa wakati mmoja. Safi, kwa sababu ilionyesha kitu ambacho mawakili huficha: sheria tayari imejengwa kwa moduli. Kifungu cha 1 kinasema mtoto aliyezaliwa Uingereza ni raia ikiwa baba au mama ni raia au ni mkaazi wa kudumu. Lakini "mkaazi wa kudumu" ni nani? Hakisemi. Maana iko mbali huko, kifungu cha 50. Ukisoma kifungu cha 1 peke yake unaweza kudhani umeelewa, kumbe mwenye kifungu cha 50 ndiye anashika ufunguo.

Inayoogofya ni sehemu ya "hapana". Mwaka 1978 Keith Clark, naye wa London, alieleza vizuri jinsi Prolog inavyosema hapana. Haina njia ya kujua kwamba kitu ni uongo. Inajaribu kukithibitisha, na ikishindwa, inakichukulia kuwa si kweli. Kama habari zote za dunia ziko mbele yake, sawa. Sasa weka ukuta katikati. Habari ipo, ni ya kweli, lakini iko moduli ya pili na hakuna aliyeiingiza huku. Ndani ya chumba chako jibu litakuwa hapana. Si kwa sababu ni uongo, ni kwa sababu mlango haukufunguliwa. Prolog za zamani zilikuwa mbaya zaidi: ukiita jina ambalo halipo kabisa, zilijibu hapana tu, kimya kimya, kana kwamba zimetafuta. Kiwango cha kimataifa cha 1995 kikabadilisha. Siku hizi, kwa kawaida, ukiita jina lisilojulikana mashine inapiga kelele: sijui unaongelea nini! Kati ya sheria zote za Prolog, hiyo ndiyo naipenda zaidi. Kusema "sijui" na kusema "hapana" ni vitu viwili tofauti, na watu wazima wengi walio nyuma ya kaunta bado hawajakubali.

Nasema hivyo nikiwa na sababu. Nikiwa chuo kulikuwa na orodha moja ya basari, na ndani yake jamaa wa kata nyingine mwenye majina yangu yote matatu. Kwa Wakamba hiyo si ajabu, nimeshaeleza. Yeye akalipiwa, mfumo ukasoma kwamba mimi nimelipiwa. Niliuliza mara nne. Jibu lilikuwa lile lile: "mfumo unaonyesha ushapata". Sitataja ofisi, na jamaa mwenyewe hana hatia, natumai alimaliza masomo. Muhula uliisha, mimi nikarudi nyumbani, na sasa niko hapa nawaandikia. Mtu aliyejenga ile orodha alihitaji herufi mbili tu. W na A.

Twende kwa suluhisho sasa. Kufikia miaka ya 1980 mifumo mbalimbali ilikuwa imeanza kujenga kuta. Ulioacha alama kubwa ni Quintus, wa kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1984. Wazo lao ni rahisi: kila faili linaweza kuwa moduli, juu kabisa unaorodhesha majina unayotoa nje, mengine yanabaki ndani. Anayeyataka anayaingiza kwa hiari yake. Na ukitaka kutaja jina pamoja na nyumba yake, unaweka nukta pacha: familia:mtoto. Hiyo nukta pacha ni ile "wa" yetu, imegeuzwa tu nyuma mbele. Mutua wa Kyalo ni kyalo:mutua.

Hapa wakagongana na swali la kwanza zito: ukuta unazuia nini hasa? Makao makuu ya Makueni ni mji unaoitwa Wote. Sasa ukiandika "Karibuni Wote" kwenye bango, mtu wa Mombasa anadhani amekaribishwa na rafiki zake. Neno moja, maana mbili. Kambi ya kwanza ilisema: basi kila neno liwe na nyumba. Wote ya Makueni na wote ya Kiswahili ni maneno mawili tofauti kabisa yanayofanana sura tu. Ni safi, lakini biashara inakuwa ngumu, kwa sababu nikikutumia orodha yenye neno langu, kwako halilingani na lako mpaka tukubaliane wazi kwamba tunalitumia pamoja. XSB, mfumo uliotoka Marekani, ulichukua njia ya namna hiyo. Kambi ya pili ilisema: hapana, acha maneno yatembee bure, ukuta uzuie vitendo peke yake. Neno "wote" ni moja kila mahali, ila lile linalofanyika ukiliita ndilo linategemea uko wapi. Quintus walikuwa hapa, na wengi wakawafuata. Mimi niko kambi ya pili. Mahindi yakitoka Kitui kwenda Wote hayabadiliki kuwa kitu kingine njiani.

Lakini kambi ya pili wana jinamizi lao, na ndilo sehemu tamu ya hii historia. Uko Kitui mjini, pale Kalundu, unampa mtu wa boda mzigo na kumwambia, "fika Makueni, ukifika mpe Mutua." Anafika Wote, anauliza Mutua. Mutua yupi? Wa mtumaji au wa pale alipofika? Prolog imejaa hali kama hii, kwa sababu unaweza kumpa kitendo jina la kitendo kingine akiite baadaye. Unaambia moduli ya orodha: chukua kila mtu humu ndani, mfanyie "salimu". Moduli ya orodha haina salimu, au mbaya zaidi, inayo yake. Ikitafuta ndani ya nyumba yake, inasalimu vibaya au inaanguka. Dawa ya Quintus ilikuwa kutangaza mapema: huyu mtu hubeba majina ya wengine, kwa hiyo kabla mzigo kuondoka, bandika juu yake umetoka wapi. Mzigo ukifika umeandikwa kitui:mutua, na hakuna swali tena. Inafanya kazi. Lakini ukisahau kutangaza, hakuna anayekukumbusha, na kosa linajitokeza mbali sana na mahali lilipozaliwa.

Kama unadhani hilo ni la kompyuta tu, kumbuka makaa. Mwaka 2018 Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku kusafirisha makaa kutoka kaunti hiyo. Kukawa na vurugu, lori la wafanyabiashara wa upande wa Kiambu likachomwa moto, na magavana wakaanza kurushiana maneno. Swali lilikuwa lile lile la mzigo wa boda: lori likiwa njiani, ni sheria ya nani inasoma? Kenya tulikuwa tumegawa majukumu kwenye Jedwali la Nne la Katiba, hili la taifa, lile la kaunti. Tulisahau kubandika kwenye mzigo.

Sasa, tarehe. Kiwango cha kimataifa cha Prolog kilitoka 1995, lakini bila moduli. Hawakukubaliana. Sehemu ya pili, ile ya moduli, ikaja mwaka 2000, na muundo wake wenyewe unaotenganisha sura ya nje ya moduli na mwili wake. Kwenye karatasi si mbaya. Ila kufikia 2000 kila mtu alikuwa tayari na nyumba yake. SICStus ya Sweden ilikuwa inafuata nyayo za Quintus. SWI-Prolog, ambayo Jan Wielemaker aliianza Amsterdam mwaka 1987, pia. Watu walikuwa na miaka ya kazi ndani ya hizo kuta. Waliusoma waraka wa kamati na kuuacha pale pale. Mifumo mikubwa ikaendelea kama kawaida, inafanana vya kutosha kukudanganya na kutofautiana vya kutosha kukuharibia usiku. Ubora haukuwa tatizo. Ilikuwa Mwingi, imefika baada ya orodha kufungwa.

Kulikuwa na wengine waliojaribu njia tofauti na wanastahili kutajwa. Dale Miller, Mmarekani, aliuliza swali la kifalsafa kabisa: kwa nini moduli isiwe sehemu ya mantiki yenyewe? Kwake, kuingiza moduli ni kusema "tuseme haya ni kweli kwa muda, nijibu swali hili, halafu tuyaondoe". Ni maridadi, na imeishi zaidi kwa watafiti kuliko mtaani. Pale Melbourne, Australia, kikundi cha Zoltan Somogyi kilitoa Mercury mwaka 1995, na kikawa kikali: kilichofichwa kimefichwa. Kwa sababu, niwaambie siri, kwenye SWI na jamaa zake ukuta hauna kufuli. Ukijua jina la nyumba, unaweka nukta pacha na kuingia hata kama hukualikwa. Watu wa Ciao kule Madrid walilalamikia hilo, wakabuni mfumo wao ulio mkali zaidi ili mashine iweze kuchunguza programu kabla haijaendeshwa. Na Mreno Paulo Moura, tangu 1998, amekuwa akijenga Logtalk, ambayo inakaa juu ya Prolog yoyote na kuleta mipaka yake yenyewe. Kama nyumba za wenyeji zimegoma kufanana, yeye ameamua kujenga paa moja juu ya zote. Huyu namheshimu.

Nikiulizwa ningechagua nini, ningetaka ukali wa Mercury kwa kuficha, na ile kelele ya 1995 kwa kitu kisichojulikana. Kufuli bila kelele ni hatari: ndiyo ile ofisi, habari imefungwa chumba cha pili na wewe unaambiwa hapana kwa uso mkavu. Na naona kuna vijana wengi Kitui na Makueni siku hizi wanaojenga mifumo midogo ya chama, ya kata, ya zahanati, kila mmoja na orodha yake ya watu ambapo safu ya kwanza imeandikwa "jina". Jina peke yake, huku Ukambani!

SWI-Prolog ni ya bure, na kompyuta ya saiba inatosha kabisa. Andika ukoo wako, kila boma moduli yake, toa nje majina ya watoto peke yake. Halafu uliza mashine kuna Mutua wangapi, na uniambie hapa chini ilikujibu nini. Kwetu wamefika tisa, na bado sijaingiza upande wa Mbooni.